Safari ya Manga na mtoto wa miaka miwili

JIRANI yetu mmoja hapa Kibokoni, Mombasa, alicheka hadi akashika mbavu alipopata habari kwamba tunampeleka mwanetu Omani. "Mtoto wa miaka miwili! Atakumbuka nini huyo? Ngojeni akue kidogo, muokoe nauli."

Sikuwa na jibu. Kusema kweli, hata mimi nilikuwa nikijiuliza swali hilo hilo usiku, huku nikihesabu na kuhesabu tena pesa za tiketi tatu. Mtoto wa miaka miwili na miezi minne hajui tofauti ya Maskati na Malindi. Anachokijua ni paka wa jirani, mahamri ya asubuhi na sauti ya pikipiki ya babake ikiingia uani. Je, kumsafirisha mchana na usiku ili akaone kijiji alichozaliwa babu yake ni kumtendea wema, au ni tamaa ya sisi watu wazima tu?

Tulikwenda, mwezi wa Januari 2024, na tukarudi salama. Naandika habari hii kwa ajili ya familia nyingi za mijini ambazo asili yao iko ng'ambo, iwe ni Hadhramaut, Gujarat, Ngazija au Goa, na ambazo kila mwaka husema zitakwenda mwaka ujao. Lakini pia naandika kwa sababu jambo kubwa nililojifunza huko Manga, kama wazee wetu walivyoiita nchi ile, halikuhusu Manga peke yake.

JINA LA MAREHEMU

Baba mkwe wangu alizaliwa katika kijiji kimoja karibu na mji wa Rustaq, chini ya milima ya Hajar. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka kumi hivi, babake alimshika mkono wakashuka hadi pwani ya Batina na kupanda jahazi. Omani ya siku hizo haikuwa hii ya leo. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967. Kabla ya hapo watu wa bara waliishi kwa tende, mbuzi na biashara ndogo ndogo, na ukame ulipozidi wengi walitazama Afrika Mashariki.

Njia yenyewe ilikuwa ya kale. Upepo wa kaskazi ulipovuma kuanzia Desemba, majahazi yaliteremka hadi Lamu, Mombasa na Unguja yakiwa na tende, papa mkavu na mazulia. Kusi ilipoanza, karibu na Aprili, yalirudi na boriti za mikoko na nafaka. Wanafunzi wa historia watakumbuka kuwa majeshi ya Imamu Saif bin Sultan yaliwatoa Wareno katika Fort Jesus mwaka 1698, na kwamba Rustaq ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya maimamu hao wa Yaaruba. Kwa hiyo kijana yule alifuata njia iliyokuwa imepitwa na wengi kabla yake.

Alilelewa na ami yake aliyekuwa na duka Mji wa Kale. Akakulia hapa, akaoa hapa, akachukua uraia wa Kenya. Dadake mdogo alimfuata mwaka 1958, alipoozwa Unguja. Baada ya mapinduzi ya Januari 12, 1964, dada huyo na mumewe walikimbilia Mombasa, wakakaa kwa kakake miaka tisa. Kisha mwaka 1970 Sultani Qaboos alishika madaraka huko Omani na kuwaita Waomani waliotawanyika ng'ambo warudi kuijenga nchi. Maelfu waliitika, wengi wao wakiwa wamezoea Kiswahili kuliko Kiarabu. Dada naye aliondoka na mumewe mwaka 1973. Kaka alimsindikiza mpaka bandarini akamwambia: "Mwakani, inshallah, nitakuja."

Hakwenda. Mwaka huu duka, mwaka ule karo, mwaka mwingine mguu unauma. Miaka 47 ilipita hivyo. Alifariki mwaka 2020 bila kukanyaga tena ardhi aliyozaliwa, na bila kuonana tena na dadake uso kwa uso.

Mwanetu alizaliwa Septemba mwaka uliofuata, tukampa jina la marehemu. Mavyaa, yaani mama mkwe wangu, hakuwahi kumwita mumewe kwa jina maishani mwake na hakutaka kuanza uzeeni, kwa hivyo alimwita mjukuu wake "Babu". Sote tukafuata. Ndiyo sababu mtoto anayejisaidia katika suruali anaitwa Babu nyumbani kwetu.

Siku moja shangazi yule alipiga simu kutoka Omani. Alikuwa amepita miaka themanini. "Nasikia jina la kaka yangu limerudi," alimwambia mume wangu. "Nileteeni nimwone. Macho yangu hayaniahidi kitu."

MATAYARISHO

Mimi ni Mdigo wa Kwale. Sikuwa nimewahi kuvuka bahari yoyote isipokuwa kwa feri ya Likoni. Basi niliyachukua matayarisho kama mtihani.

La kwanza ni pasipoti. Kila mtoto anatakiwa kuwa na yake, hata wa mwezi mmoja. Ombi huanzia katika mtandao wa eCitizen, na utahitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto pamoja na vitambulisho na idhini ya wazazi. Hapo ndipo tulipokwama. Tulipokagua cheti cha mwanetu tuliona jina la babu yake limepungua herufi moja, na kosa lilikuwa letu wenyewe tulipojaza fomu hospitalini kwa haraka. Kulirekebisha kulituchukua majuma kadhaa. Msomaji, kitoe cheti cha mwanao sandukuni leo, ukisome herufi kwa herufi. Usingoje siku ya safari.

La pili ni tiketi. Katika mashirika mengi ya ndege, mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hupakatwa na mzazi na hulipiwa kama asilimia kumi tu ya nauli ya mtu mzima. Akishatimiza miwili, sharti awe na kiti chake, na nauli yake mara nyingi hufika robo tatu ya ile ya mtu mzima. Akitimiza miwili katikati ya safari, atahitaji kiti wakati wa kurudi. Sisi tulikuwa tumechelewa kwa miezi minne. Nilinung'unika wakati wa kulipa, lakini ndani ya ndege niliona faida ya kiti hicho.

La tatu ni afya. Kenya ni miongoni mwa nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kwa hiyo Omani huwataka wasafiri wanaotoka kwetu waonyeshe cheti cha chanjo hiyo, na hata watoto kuanzia miezi tisa wamo. Chanjo lazima ichomwe angalau siku kumi kabla ya kusafiri. Hukinga kwa maisha yote, kwa hivyo tunza kadi yake. Nilibeba pia dawa ya homa ya watoto, kipimajoto na pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji mtoto akiharisha. Na tahadhari: nchi za Ghuba ni kali sana kuhusu baadhi ya dawa, hasa zenye kodeini, ambayo huwa katika dawa kadhaa za maumivu na kikohozi. Kama una dawa unayoihitaji, chukua barua ya daktari. Viza nayo isiachwe mpaka juma la mwisho, na mzazi anayesafiri peke yake na mtoto afadhali awe na barua ya idhini ya mwenziwe.

La nne ni majira. Katikati ya mwaka joto la Omani hupita nyuzi 40, na hata wenyeji hujifungia ndani mchana. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ni nzuri. Januari hiyo tulihitaji sweta usiku, jambo ambalo watu wa Mombasa hatukulitarajia.

Palikuwa na jambo la tano ambalo halimo katika fomu yoyote. Nyanya yangu aliyenilea hakupenda kulisikia jina la Manga. Kwake yeye majahazi hayakubeba tende na mazulia tu. Yalibeba watu pia, na si kwa hiari yao. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na wakati wa utoto wake bado walikuwako wazee waliouona kwa macho yao. Nilipokuwa nikipanga nguo za mtoto nilimkumbuka nyanya. Sikumwambia mume wangu. Niliyabeba hayo kimya kimya pamoja na sanduku.

NDANI YA NDEGE

Tulitoka Mombasa kwa treni ya SGR asubuhi, tukapumzika Nairobi kwa shemeji yangu, na usiku wa siku iliyofuata tukapanda ndege. Uamuzi huo wa kulala njiani ulitusaidia sana. Mtoto aliyetolewa kwenye treni na kuingizwa moja kwa moja katika ndege ni sawa na chungu kilichofunikwa huku kinachemka.

Wengi hushauri kumpa mtoto dawa ya kumlaza. Usifanye hivyo bila ya ushauri wa daktari, kwani dawa hizo humlevya mtoto mmoja na kumtia wazimu mwingine. Chagua ndege ya usiku, mvike nguo zake za kulalia kabla ya kuingia, na umpe kanga au shuka ile ile anayolalia nyumbani. Mwanetu alilala kwa saa tatu na nusu kati ya tano za kwenda hadi mji wa Ghuba tulikobadilishia ndege. Maziwa na uji wa mtoto huruhusiwa kupita ukaguzi hata kama vinywaji vingine vinazuiwa, mradi uvitoe na kuvionyesha.

Ndege inaposhuka, masikio huuma kwa sababu ya mabadiliko ya shinikizo la hewa. Mtu mzima hupiga miayo au kutafuna kitu. Mtoto hajui, hulia tu. Mpe chupa anyonye au kikombe anywe polepole mara ndege inapoanza kuteremka, usingoje iguse ardhi. Mimi nilingoja. Alilia hata mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu akaanza kusoma dua kwa sauti.

Tulifika Maskati asubuhi. Saa za huko zimetangulia zetu kwa saa moja tu, kwa hivyo usingizi hausumbuki. Binamu ya mume wangu alikuwa akitungoja. Nikajiandaa kwa Kiarabu changu cha madrasa. Akanipokea sanduku na kusema kwa Kiswahili cha Unguja: "Karibuni jamani, shikamoo shemegi, mmechoka?"

Nilicheka kwa sauti, si kwa sababu ya mzaha, bali kwa kuwa mzigo fulani ulinishuka.

NYUMBA TISA

Kutoka Maskati hadi Rustaq ni mwendo wa kama saa mbili kwa gari. Barabara ni nzuri, milima imekaa upande wa kushoto, mitupu bila mti, rangi ya majivu. Kisha ghafla unaona kijani: mitende imesongamana bondeni, na katikati yake nyumba za udongo zilizoachwa na mpya za saruji.

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni juu ya kiti. Mume wangu alimbusu kichwani, nami nikafuata. Akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Mtoto akamtazama, akatazama ile mikono yenye hina, akapiga ukelele na kujificha ndani ya buibui langu.

Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Tumetoka mbali namna ile, jina limerudi, na mwenye jina hataki. "Muache," alisema shangazi, akarudisha mikono yake mapajani. Lakini niliuona uso wake.

Kosa letu lilianza kesho yake. Jamaa walikuwa wengi, na kila mmoja alitaka tufike kwake. Mume wangu, ambaye hakuwahi kuwaona, hakutaka kumkosea mtu. Aliandika orodha: nyumba tisa katika siku mbili. Kila nyumba ilitandika mkeka, ikaleta tende, halua na kahawa chungu yenye iliki. Kahawa unaweza kuikataa kwa adabu kwa kutikisa kikombe unapokirudisha, hiyo ndiyo ishara kuwa umetosheka. Lakini mtoto hana kikombe cha kutikisa. Kila mkono ulimtia tonge la halua kinywani. Kila mtu alitaka kumpakata, kumpiga picha, kumbusu mashavu na kusema anafanana na babu yake.

Katika nyumba ya nne alitapika. Ya tano tuliingia amelala. Usiku alikuwa moto kama jiko, nyuzi 39, akikataa hata maji. Tulimkimbiza kituo cha afya. Daktari alimpima masikio, koo na kifua, kisha akatuuliza: amekunywa maji mara ngapi leo? Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Alikuwa amechoka, amepungukiwa na maji mwilini na tumbo lake limejaa sukari. Tuliambiwa tumpe maji ya chumvichumvi kijiko kwa kijiko, dawa ya homa, na mapumziko.

Tuliporudi shangazi alikuwa macho, tasbihi mkononi. Alimsikiliza mume wangu hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo hadi leo tunayarudia nyumbani: "Mtoto si sinia la halua la kupitishwa nyumba kwa nyumba. Nipe hiyo orodha yako."

Akaipokea, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Asubuhi aliwatumia jamaa habari kwamba mgeni ni mdogo na nyumba ni yake. Atakayetaka kumwona aje alasiri, wawili wawili, bila ya halua. Hakuna aliyekasirika. Walikuja.

Hili ndilo fundisho kubwa kwa mwenye kusafiri na mtoto kwenda kwa jamaa. Kaa mahali pamoja. Chagua nyumba moja iwe kituo, na mwombe mzee mmoja mwenye kauli awe ngao yako, kwa maana wewe mgeni huwezi kukataa, lakini yeye anaweza. Mpe mtoto siku mbili za kwanza bure, bila ziara yoyote. Hesabu maji anayokunywa. Na usimlazimishe kumpa mtu mkono au shavu; atakuja mwenyewe.

KANDAMBILI NA MAHAMRI

Mwanetu alikuja mwenyewe siku ya nne, na si kwa sababu ya damu wala jina. Alifuata harufu.

Shangazi aliamka alfajiri akakanda unga, akatia tui la nazi na iliki, akaweka karai jikoni. Huko Manga kote, alisema, alichokikosa kutoka Mombasa ni mahamri na mbaazi, basi alijifunza kujipikia. Mtoto alitoka chumbani peke yake, macho mazito, akafuata harufu hadi jikoni. Nilisimama kando nisimshtue. Shangazi hakunyoosha mikono safari hii. Alipuliza hamri moja, akalikata, akaliweka juu ya sahani katikati yao. "Babu, karibu chai," alisema, bila kumtazama. Mtoto akakaa.

Baada ya hapo hawakuachana. Aliandamana naye hadi kwenye falaji, mfereji wa maji unaopita kando ya nyumba. Falaji hizi ndizo uhai wa bara ya Omani. Maji hutolewa chemchemi au chini ya ardhi milimani, yakaongozwa kwa mteremko tu, bila mashine, hadi vijijini. Juu hutekwa ya kunywa, chini zaidi watu huoga na kutawadha, na mwisho hugawiwa mashambani kwa zamu za saa, ambazo zamani zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku. Zipo kama 3,000 ambazo bado zinatumika. Tano kati yake, pamoja na Falaj al-Muyassar ya huko Rustaq, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006.

Mwanetu hakujali UNESCO. Aligundua kuwa kandambili ikitiwa majini inaondoka. Alitia ya kwanza, ikaenda. Alitia ya pili. Baada ya muda mtoto mmoja wa huko chini alikuja akikimbia, miguu imelowa, ameshika zote mbili. Mchezo huo ulirudiwa kila siku. Shangazi alikaa pembeni akicheka mpaka machozi. Alisema kakake naye alichapwa kwa ajili ya mchezo huo huo, katika mfereji huo huo.

Hapo mume wangu alinyamaza. Alikuwa amekuja na kamera akatafuta magofu ya nyumba ya babake, akapata ukuta mmoja na mlango usio na ubao. Alikuwa ameupiga picha nyingi. Lakini habari ile ya kuchapwa hakuna ukuta ambao ungemwambia.

SAUTI KUTOKA KANDA

Usiku wa mwisho kabla ya kurudi Maskati shangazi alimwita mjukuu wake alete simu. Miaka ya sabini na themanini, kabla ya simu kuwa rahisi, jamaa wa pande hizi mbili walitumiana kanda za kaseti. Mtu akisafiri hupewa kanda mfukoni. Alikuwa amehifadhi moja ya mwaka 1986, na vijana wake walikuwa wameihamishia katika simu.

Ilikuwa sauti ya baba mkwe wangu, changa kuliko nilivyomjua. Alisalimu watu mmoja mmoja. Alisema mvua zimenyesha Mombasa, maembe yamezaa, bei ya sukari imepanda. Alisema, "Mwakani, inshallah, nitakuja." Nyuma yake kulikuwa na mtoto mchanga akilia bila kukoma.

"Mtoto analia," alisema mwanetu, akionyesha simu kwa kidole.

"Huyo anayelia," shangazi alimwambia mume wangu, "ni wewe."

Mume wangu aliondoka akaenda nje kwenye mitende, akakaa huko muda mrefu. Mtoto aliomba kanda ichezwe tena. Ilichezwa mara nne, akalala kwenye mapaja ya shangazi.

"KWENU JE?"

Mimi na shangazi tulibaki wawili. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Kwale. Aliijua. Alipokuwa Mombasa, mwanamke mmoja Mdigo kutoka Kwale alikuwa akimletea nazi na machungwa, wakawa marafiki. Nilipata moyo nikamwambia habari ya nyanya yangu na jina la Manga. Sikujua atalipokeaje.

Hakukataa wala hakujitetea. "Alikuwa na haki," alisema. "Hata huku wako watu ambao babu zao walitoka kwenu, na hawakupanda jahazi kwa kupenda. Huyu mtoto ni wa wote wawili, wa waliokuja na wa waliochukuliwa. Msimfiche upande mmoja." Kisha akanitazama. "Umemleta mbali hivi kwangu. Kwenu je? Humpeleka?"

Nilitafuta la kusema sikulipata. Kutoka nyumbani kwetu hadi kwa mama yangu ni kilomita kama 30 pamoja na feri. Mwanetu alikuwa amefika huko mara moja tu, akiwa hajaanza hata kukaa. Kila mama aliponiuliza nilimjibu kwamba kazi ni nyingi, feri ina msongamano, mtoto ana mafua. Nilimjibu kuwa tutakuja mwezi ujao.

Nilikuwa nimemcheka marehemu moyoni mwangu kwa zile "mwakani" zake. Bahari yake ilikuwa kubwa. Yangu ilikuwa ni ya Likoni.

JIBU LA JIRANI

Je, mtoto wa miaka miwili atakumbuka nini? Jirani yetu alikuwa na haki. Hatakumbuka. Miezi michache baada ya kurudi alikuwa tayari amesahau falaji, ingawa kandambili zake bado zilikuwa hatarini kila alipoona maji ya mvua.

Lakini safari ya namna hii si ya mtoto kukumbuka. Ni ya mtoto kuonwa na wale ambao hawana muda wa kungoja akue. Akishakuwa na akili ya kukumbuka, magofu yatakuwapo bado, na milima haitahama. Wazee ndio hawatakuwapo. Mwaka 2025 presha ya macho ilimfunga shangazi kabisa, haoni tena. Sasa kila Ijumaa hupigiwa simu na huyo Babu wa miaka minne humweleza kwa makelele jinsi paka wa jirani alivyozaa. Yeye humwuliza kama bado anatupa kandambili. Anamjua anavyofanana, kwa sababu alimwona.

Kama una mzee wa namna hiyo ng'ambo, hesabu pesa zako, soma cheti cha mtoto, na panga tarehe. Kama huna uwezo wa nauli, na wengi wetu hatuna, mrekodi azungumze angali ana sauti, na wewe umpelekee sauti ya mtoto.

Na kama mzee huyo yuko karibu, huna udhuru. Jumapili ya kwanza tuliyorudi tulivuka Likoni na mtoto, tukiwa na kilo mbili za tende kutoka Rustaq. Mama yangu aliwaona jamaa wa mumewe wangu kwenye picha moja baada ya nyingine, akasikiliza maneno ya shangazi hadi mwisho, akanyamaza. Kisha akatandika mkeka chini ya mwembe. Mtoto alimtazama, akajificha nyuma yangu, akapiga ukelele.

"Muache," nilisema. "Atakuja mwenyewe."

Tulikaa mpaka jioni. Tangu siku hiyo huenda kila mwezi. Nauli si nyingi, na foleni ya feri ni ile ile tuliyokuwa tukiilalamikia. Kumbe kilichotuzuia siku zote hakikuwa bahari wala feri, kilikuwa neno moja tu tulilozoea kulisema: mwakani.